Makali ya Besi ya Makiese

Kona ya karakana ya Randa, pale Bandal, mjini Kinshasa, ina benchi moja tu, na benchi lenyewe ni aibu kwa fundi. Randa alilipigilia siku moja kwa mabaki ya mbao akiwa na hasira, maana yeye ni fundi wa magitaa na kitu kisichokuwa na nyuzi hakimtoi jasho. Likatoka limepinda, na anayekaa mwisho upande wa kushoto hana budi kukaza mguu asiteleze. Hakuna anayejali. Kila asubuhi Mama Kapinga akishatua birika lake la kahawa ya tangawizi na beseni la maandazi, wanajaa wale wale wa siku zote: Ngurumo, aliyepiga ngoma kwenye okestra nne na kugombana na zote nne; Volti, fundi wa amplifaya mwenye vidole viwili vilivyoungua, ambavyo anakuonyesha kabla hujamwomba; na Randa mwenyewe, penseli juu ya sikio, ameacha kazi ndani anakuja kuvuruga mazungumzo nje. Wote wanafoka, hata wanapokubaliana. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa limegeuzwa, likaipa barabara mgongo na kuelekea mlango wa karakana, kwa sababu kulikuwa na jambo la kutazama. Besi ya Makiese ilikuwa imelala juu ya meza ya kazi, imechorwa mstari wa penseli katikati toka juu hadi chini, na msumeno ulikuwa pembeni yake.

Makiese ndiye aliyekalia ule mwisho wa kushoto. Jina lake la jukwaani ni Nguzo, kwa sababu miaka thelathini amesimama nyuma ya waimbaji bila kutikisa bega, vidole tu ndivyo vinavyotembea. Besi hiyo alitengenezewa na Randa miaka ishirini na sita iliyopita. Kiwiliwili chake ni mbao ya limba iliyokuwa meza ya chakula nyumbani kwake. Mkewe, Luzolo, alichoka kumwona akiigonga-gonga kila sahani inapowekwa, akaing'oa miguu kwa mikono yake mwenyewe na kumwambia aipeleke kwa huyo fundi wake, wakaigonge wote huko. Luzolo ana mwaka wa nne kaburini. Na tangu kiangazi kianze, besi ilikuwa imepoteza makali. Ule mlio mwembamba wa juu, unaoifanya sauti nene isikike hata na mtu aliyesimama nje ya ukumbi, Makiese hakuupata tena; kikabaki kishindo tu, kama mtu anapiga godoro. Jumamosi okestra inaingia studio kurekodi, na Merdi, yule kijana wa gitaa la solo, alishaanza kusema mbele ya watu kwamba besi ya mzee ina matatizo. Makiese alikosa usingizi siku mbili, ya tatu akaenda kwa Randa na kumwambia: ipasue, tia mbao nyingine, mradi iseme.

Sasa alikuwa amekaa anautazama ule mstari wa penseli, na roho ilikuwa inamuuma.

— Kabla hujapasua, Ngurumo alimwambia Randa, tuambie unapasua kwa sababu gani. Wewe ukishashika msumeno huwa husikii la mtu.

— Sababu ni limba, Randa alisema. Limba mbao nzuri, sikatai, lakini laini. Miaka ishirini na sita imekauka, imekuwa mchoyo. Uzi ukitoa mlio, mbao inaumeza. Sasa mimi naikata hapa katikati, natupa huo ubao wa kati, naweka mbao ya wenge kuanzia kichwani mpaka matakoni. Shingo na kiwiliwili vinakuwa kitu kimoja. Wenge nyeusi, ngumu, haina huruma. Mlio ukifika pale hauna pa kujificha, unarudi wote.

— Unarudi wote! Ngurumo alidakia.

— Wote.

— Unarudi na nani? Na wajomba zake?

Volti alikuwa anasubiri zamu yake huku goti likimtetemeka. Hakuweza kusubiri zaidi.

— Mbao, mbao, mbao! Jamani, hili ni gitaa la umeme. Umeme! Mnajua kinachosikia pale ni nini? Sumaku. Chini ya zile nyuzi kuna sumaku, nimeizungushia waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu nane, kwa mkono huu huu mnaouona umeungua. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku, umeme unazaliwa, unapita kwenye waya, unafika kwa amplifaya. Mbao iko pale kwa kazi moja tu: kushika vitu visianguke chini.

— Basi zifunge hizo sumaku kwenye tofali, Randa alisema.

— Nitazifunga, na litalia!

— Litalia kitofali!

— Litalia besi! Hutajua tofauti!

— Mimi? Mimi nisijue tofauti? Randa aliinuka nusu. Wewe bwana, uzi unatikisika juu ya nini? Juu ya hewa? Umefungwa huku kichwani na huku kwenye daraja. Shingo ikiwa legelege, uzi unatulia kabla hiyo sumaku yako haijapiga mwayo. Nani kakwambia sumaku inasikia kisichokuwepo?

Makiese alinyoosha kikombe nyuma ya bega lake bila kugeuka, na Mama Kapinga akakijaza. Hivyo ndivyo wanavyokunywa pale: mkono unakwenda nyuma mtupu, unarudi na moto. Makiese alijua kwamba Randa na Volti wote wawili wana ukweli wao. Amepiga besi yenye shingo ya skrubu na besi yenye shingo iliyopita moja kwa moja. Ile inagonga, hii inaimba. Amepiga yenye sumaku karibu na daraja, kali kama pilipili, na yenye sumaku karibu na shingo, sauti mviringo ya kubembelezea wazee. Aliyajua yote hayo kwa vidole na kwa mbavu, na hayakumsaidia kitu asubuhi ile.

— Nyuzi je? Ngurumo alimgeukia. Nyuzi umeangalia, Nguzo? Usije ukampasua mgonjwa tumbo kumbe ana mafua.

— Nimezichemsha mara tatu, Makiese alisema. Nimezitia majivu, nimezichemsha tena mpaka jirani kaja kuuliza napika nini. Hazikuwa na jasho wala mafuta. Halafu nikavuka mto, nikanunua nyingine mpya Brazza, zile zenye waya uliosokotwa, zinazokwaruza kidole. Hakuna kitu. Godoro ni lile lile.

— Nyuzi mpya na bado godoro?

— Bado. Kifungo cha sauti nimekifungua chote, amplifaya nimeifungua yote. Bado.

— Basi nimejua, Ngurumo alisema, akaweka kikombe chini, ishara kwamba sasa anakuja na kubwa. Chuma.

— Chuma gani?

— Daraja. Pale nyuzi zinapofungiwa, Randa kaweka kibati. Kibati! Sauti ya besi ina uzito, inakaaje juu ya kibati? Nendeni bandarini. Kuna meli moja imekufa, imelala ubavu miaka kumi, nanga yake bado ipo. Tukate kipande cha ile nanga, tutengeneze daraja. Chuma cha nanga kimezoea kushuka chini. Ukikitia kwenye besi, sauti itashuka mpaka watu wa Matadi waulize kuna nini.

— Lakini yeye hatafuti sauti ishuke, Volti alisema. Anatafuta makali. Makali yako juu.

Ngurumo alifikiri kidogo.

— Nanga pia hupandishwa, alisema.

Walicheka mpaka benchi likayumba, na Makiese ikabidi akaze mguu. Yeye hakucheka sana. Randa aliutumia mwanya huo kusimama, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda mezani na kuushika msumeno.

— Haya. Tusipoteze asubuhi.

— Subiri nimalize kahawa, Makiese alisema.

— Maliza.

— Ni ya moto.

Randa alirudi kukaa. Kusema kweli hata yeye hakuwa na haraka. Mkono wake ndio uliolainisha mbao ile kwa msasa mpaka ikawa kama shavu, enzi hizo bado ana macho ya kuona bila miwani, na alikuwa kijana aliyetaka jina. Ila fundi hawezi kukaa mbele ya wenzake akakiri kwamba anaionea huruma mbao, basi akaanza ubishi mwingine.

— Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mti una jinsia.

— Ebo!

— Una jinsia. Kuna limba dume na limba jike. Jike likilia linabembeleza, dume linafoka. Sasa ule ubao wa marehemu mama Luzolo, siku naupasua mara ya kwanza niliunusa. Jike.

— Ulinusa nini hasa? Ngurumo alitaka kujua.

— Jike linanuka kama mkate.

— Wewe ulikuwa na njaa.

— Na tena mti unaweka kumbukumbu. Ule uliokulia msituni kimya, sauti yake imetulia. Ule uliokulia karibu na reli unatoa sauti ya kukatakata. Nilitengeneza gitaa moja kwa mti uliokatwa nyuma ya uwanja wa mpira. Mwenyewe kanirudishia, anasema kila akipiga wimbo wa taratibu, gitaa linashangilia.

— Hapo sasa umefika mbali, Volti alisema, lakini uso wake ulionyesha kwamba ameona wivu, na hakukubali kuachwa nyuma. Mimi nasema waya. Waya ndio wenye kumbukumbu. Zile sumaku za Nguzo, mnajua waya niliutoa wapi? Kwenye redio kubwa ya mzee mmoja wa Ngiri-Ngiri. Redio ile ilikuwa haifunguliwi ila saa ya matangazo ya vifo. Miaka kumi na tano, kila siku, vifo tu. Fulani mwana wa fulani, msiba uko mahali fulani. Waya umeshiba misiba! Ndiyo maana besi imezeeka vibaya, imekata tamaa. Niachieni niuvue, niweke waya wa redio iliyosikiliza mpira.

— Kha! Ngurumo alipiga paja. Yaani kwa miaka ishirini na sita ilivumilia vifo, ikakata tamaa kiangazi hiki?

— Huzuni inakusanyika, masta.

— Na gundi je? Ngurumo alijibu. Gundi uliyobandikia shingo, Randa, ilikuwa ya nini? Ya kwato?

— Ya kwato za ng'ombe.

— Aaa! Ng'ombe! Mnyama mvivu! Mngetumia kwato za mbuzi. Mbuzi ana sauti ya juu. Shingo imeshikwa na ng'ombe, unategemea ilie nini kama si mooo?

Hapo hata Makiese alicheka, kahawa ikamwagikia suruali. Kilikuwa kicheko cha kweli, na kwa muda huo mfupi alisahau. Halafu macho yakaurudia ule mstari wa penseli. Alijisikia mjinga, mtu mzima na mvi zake, anakaribia kulia kwa ajili ya ubao. Lakini haukuwa ubao tu, na wenzake walijua, ndiyo maana walikuwa wanapayuka hivyo.

— Nyinyi mnacheka, alisema. Juzi kwenye mazoezi Merdi ameniambia nini? Mbele ya waimbaji? Ananiambia, Papa, besi yako inatutoboa masikio, punguza. Inawatoboa! Besi iliyokufa inawatoboa! Ni kejeli hiyo. Ana rafiki yake mwenye besi mpya ya ng'ambo, nyekundu, inang'aa kama kiatu cha harusi. Anataka Jumamosi asimame yule. Basi ananisema kinyume, watu wacheke.

— Hana adabu, Randa alisema.

— Mtoto wa jana, Volti alisema.

— Nilimjibu, Makiese aliendelea, na hapo sauti yake ilipungua kidogo. Nilimjibu vibaya. Nilimtukania mama yake.

Mama yake Merdi ni mtu wanayemfahamu wote, mama mwenye heshima zake.

— Basi, Randa alisema taratibu, akasimama tena. Tuifanye kazi, ndugu yangu. Ukinipa siku ya leo, Ijumaa gundi imekauka, Jumamosi una besi.

— Mama Kapinga aniongeze kidogo.

— Nguzo.

— Kikombe cha mwisho. Naapa.

Mkono ulikwenda nyuma ya bega, ukarudi umejaa nusu tu. Makiese alikuwa anakipuliza polepole, kama mtu aliyepewa kahawa mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, ndipo mtu akasimama kati ya benchi na karakana: mtawa kijana, mnene kidogo, miwani mikubwa, kitambaa cheupe kichwani na viatu vyenye vumbi la kutoka mbali.

— Mbote, mapapa, aliwaamkia kama baba zake. Nimefuata besi ya parokia. Mimi ni Sista Godeliva.

Benchi zima lilivuta miguu na kukaa vizuri. Ngurumo alitupa kipande cha andazi alichokuwa anawanyooshea watu wakati wa kubishana. Randa aliingia ndani, akatoka na besi ya kwaya iliyokuwa imepinda shingo, sasa imenyooka. Mtawa aliishika kwa namna iliyowafanya wote wamtazame. Hakuishika kama mtu aliyetumwa kuichukua. Alifumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu, akagonga uzi mmoja na kuutegea sikio.

— Wewe ndiye unayeipiga? Volti aliuliza.

— Kila Jumapili, Papa. Misa mbili. Halafu akaona ile nyingine mezani, na mstari wa penseli, na msumeno. Na hii imefanya kosa gani?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Limba mchoyo, waya wa misiba, gundi ya ng'ombe, nanga. Sista alisikiliza kwa heshima, midomo ikijizuia kucheka. Mwisho alimwangalia Makiese, maana hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

— Naomba niijaribu, Papa, kabla haijakatwa.

— Jaribu, Makiese alisema. Angalau iagwe na mtu wa Mungu.

Umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru. Volti alichomeka waya kwenye amplifaya yake ya majaribio iliyokaa mlangoni, akafungua sauti kama anavyoifungua kila siku. Sista Godeliva alivaa mkanda juu ya kanzu yake, akaweka kidole, akapiga uzi mwembamba kule chini karibu na daraja.

Aliruka. Aliruka kweli, miwani ikateleza puani, na kuku wa jirani aliyekuwa anadonoa makombo chini ya benchi alitoka mbio. Makiese alisikia kishindo kile kile. Godoro.

— Umeona? alimwambia. Imekufa.

— Imekufa? Papa, inang'ata! Sista alikuwa ameshika sikio. Aliinama kukitazama kifungo cha sauti. Na kifungo kimefunguliwa chote!

— Nimekifungua nitafute makali.

— Makali haya hapa, yanatosha kunyolea ndevu!

Wazee walitazamana na kutabasamu, tabasamu la kumvumilia mtoto. Volti alisema kwa upole kwamba masikio ya kwaya yamezoea vitu laini. Randa alisema labda amplifaya. Ngurumo alisema hata yeye, mpiga ngoma, asiyetarajiwa kujua, anasikia wazi kwamba pale hakuna kitu. Sista hakubishana nao. Alipiga tena, mara hii taratibu, akasikiliza, akawatazama nyuso zao wanne mmoja mmoja. Halafu kichwa chake kikageuka ghafla kuelekea barabarani, nyuma ya benchi, kama mtu aliyeitwa. Alitazama huko kidogo. Aliporudisha uso kwao alikuwa na haya, kama mtu anayetaka kuuliza jambo la chumbani.

— Mapapa, samahanini. Yule baba anayepaka watu rangi za kucha amepita hapa mara ngapi leo?

Walimtazama bila kuelewa.

— Mpaka rangi yupi? Ngurumo alisema.

— Yule mwenye kugonga chupa.

Kinshasa nzima inawajua. Wanatembea na kisanduku cha rangi, katikati ya vidole wameshika vichupa viwili vya kioo, wanavigonganisha njia nzima, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na mwanamke aliyeko ndani kabisa ya nyumba, akiosha vyombo, anasikia na kutoka na miguu yake.

— Leo hajapita, Randa alisema.

— Sijamsikia, Volti alisema.

— Hakuna, Ngurumo alisema. Leo kimya. Tungemsikia.

Sista alitazama tu nyuma yao, na ikabidi wageuke. Mama Kapinga alikuwa kwenye kigoda chake, miguu yote miwili ameinyoosha mbele, kucha kumi nyekundu, mbichi bado. Mbele yake amechuchumaa baba mmoja mwenye ndevu, kisanduku wazi, anamalizia kidole kidogo.

— Huyu? Mama Kapinga alisema. Huyu amepita mara nne. Mara ya tano nikamwita. Yuko hapa tangu kwenye habari za mti kunuka mkate.

Yule baba alidhani wateja wamepatikana. Alisimama, akawatabasamia, akainua mkono na kuvigonganisha vichupa vyake, hatua mbili kutoka kwao. Makiese aliona kioo kikigusa kioo. Aliona vidole vikienda upesi, rangi nyekundu ikitikisika ndani. Alisubiri mlio. Alimtazama Volti, akaona Volti naye anasubiri, mdomo wazi kidogo.

Ngurumo ndiye aliyejitia kujibu kwanza.

— Mimi nilikuwa natazama msumeno, alisema.

— Anagonga polepole huyu, Randa alisema.

— Hagongi polepole, Mama Kapinga alisema. Hakusema kwa ubaya.

Volti aliingiza kidole kilichoungua sikioni, akakizungusha, akakitoa na kukiangalia, kana kwamba angekuta kitu. Makiese alisimama. Aliona akilini spika, zile ndefu kama makabati, zilizokuwa zikisimama kushoto kwake kila Ijumaa na kila Jumamosi tangu akiwa na nywele nyingi. Alimwona Merdi, uso umekunjamana kwa maumivu, ameshika sikio kama alivyolishika mtawa huyu sasa hivi. Kijana hakuwa anamkejeli. Alikuwa anaumia, na alikuwa ameomba kwa heshima, na yeye alikuwa amemtukania mama. Aibu ilimpanda kutoka magotini. Na chini ya aibu kulikuwa na woga, woga mkubwa wa kitoto, ambao hakuwa na mtu wa kumlaumu.

— Randa, alisema, weka huo msumeno ndani.

Randa aliuchukua, akaingia nao. Alikaa ndani muda mrefu kuliko msumeno unavyohitaji.

— Sista. Piga tena. Ule uzi mwembamba.

Sista Godeliva alikipunguza kwanza kifungo, akapiga. Makiese alisogea mpaka akasimama karibu naye kabisa, akatazama kidole kinavyoachia uzi na uzi unavyotetemeka. Kishindo alikipata, kilimwingia kifuani, kizuri. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

— Ikoje? aliuliza.

— Papa?

— Sauti yake. Nieleze. Kama unamweleza mtu ambaye hakuwepo.

Mtawa alifikiri, akapiga mara nyingine ili asiseme uongo.

— Kwanza kuna mkwaruzo kidogo, kidole kikiachia. Halafu mlio wenyewe unafika, mnene, unakaa, hauna haraka. Na juu yake kuna kitu chembamba kinang'aa. Kinatangulia kidogo, halafu kinaendelea. Ule mnene ukishakwisha, chenyewe bado kipo.

— Hicho chembamba, Makiese alisema. Hicho ndicho ninachokitafuta tangu Juni.

— Kipo, Papa. Hakijaenda popote.

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana Sista alikuwa ameshamkabidhi besi na mikono yote miwili ilikuwa imeishika. Ngurumo alijitia kutafuta kikombe chake chini ya benchi. Kikombe kilikuwa mkononi mwake.

— Volti, Makiese alisema. Simu yako ina namba ya Merdi?

— Ninayo.

— Mpigie. Mwambie leo jioni nakwenda kwao, kumwomba radhi mama yake. Na yeye.

— Na Jumamosi?

Makiese alikitazama kile kifungo kidogo cheusi alichokuwa amekizungusha mwenyewe, peke yake, kwa miaka ishirini na sita.

— Jumamosi nitapiga, alisema. Kifungo atakishika Merdi.